Deki Iliyofungiwa Ndani ya Xbox

Igeuze Xbox ya kwanza kichwa chini juu ya taulo, bandua kwa ukucha ile mipira minne inayoikalia, kisha papasa vibandiko viwili vya karatasi vilivyo katikati. Chini ya kila kibandiko kidole kitahisi shimo, na ndani ya shimo kuna skrubu. Kwa jumla skrubu ni sita, nne chini ya mipira na mbili chini ya karatasi, zote zikiwa na vichwa vilivyochongwa kwa umbo la nyota, kwa hiyo bisibisi ya kawaida haizifungui. Aliyeiunda hakutarajia mwenye nyumba aingie humo. Mimi naanza kuipenda kazi hii hapo hapo, kwenye kupapasa, maana fundi mzuri wa mashine hii hutumia vidole na macho kwa muda mrefu kabla hajashika chombo chenye ncha.

Kazi yenyewe ni kuichukua konsoli ya gemu iliyopitwa na wakati na kuifanya deki ya nyumbani: ipige muziki, ionyeshe mikanda na picha za familia kwenye runinga ya sebuleni. Konsoli nyingi zimefanyiwa hivyo, lakini iliyofungua njia ni Xbox ya kwanza ya Microsoft, iliyoanza kuuzwa Marekani tarehe 15 Novemba 2001 kwa dola 299. Ina uzito wa karibu kilo 4, na ukishaifungua unajua uzito huo umetoka wapi. Mna prosesa ya Intel ya ukoo wa Pentium III yenye kasi ya megahezi 733, kumbukumbu ya megabaiti 64, diski ya gigabaiti 8 au 10, deki ya DVD, na nyuma kuna tundu la kebo ya mtandao. Kwa mwaka ule, hiyo ni kompyuta iliyokamilika, imevalishwa plastiki nyeusi tu.

Hata hivyo, aliyeinunua akatia DVD ya filamu alikataliwa. Ilimpasa anunue rimoti pamoja na kidude cha kuchomeka pale pedi inapochomekwa, na programu ya kuchezesha DVD ilikaa ndani ya kidude hicho. Lenzi ya kusoma sahani ilikuwapo, prosesa ilikuwapo, na waya wa kwenda kwenye runinga ulikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa.

Microsoft waliifungia ruhusa hiyo mahali padogo mno. Ndani ya chipu mojawapo ya bodi mlikuwa na baiti 512 za programu ya siri, ambayo mashine huanza nayo kila inapowashwa, na humo ndimo ulimokaa ufunguo wa kufungulia kila kinachofuata. Mwaka 2002 Andrew Huang, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT, alitambua kwamba siri hiyo, hata iwe imefichwa namna gani, lazima isafiri kutoka chipu moja kwenda nyingine, na safari hiyo hupita kwenye njia nyembamba za shaba zilizo wazi juu ya bodi. Akatengeneza bodi ndogo yake mwenyewe, akailehemu juu ya njia hizo, akanasa data ikipita mpaka ufunguo ukapatikana. Mwaka 2003 aliitoa elimu hiyo katika kitabu, Hacking the Xbox, baada ya mchapishaji wa kwanza kujitoa kwa kuogopa sheria. Mwaka 2013 akakiachia kisomwe bure, kwa heshima ya mwanaharakati Aaron Swartz aliyekuwa amefariki mwezi Januari. Ninachokienzi zaidi katika kitabu hicho ni mpangilio wake. Kabla ya siri yoyote, msomaji hufundishwa kufungua kasha, kulehemu, kubadilisha taa ya mbele iwe ya buluu, na kuunda waya wa USB. Mwandishi aliamini kwamba mikono hutangulia, na namuunga mkono kabisa.

Waya huo wa USB unastahili kutazamwa kwa karibu. Matundu ya pedi ya Xbox ni USB ileile ya kompyuta. Umbo la tundu tu ndilo lililobadilishwa ili watu wasichomeke vyao. Chukua waya wa pedi iliyokufa, ukate, uvue gamba la nje kwa wembe bila kuzijeruhi nyaya za ndani. Utakuta nyekundu, nyeupe, kijani na nyeusi, rangi zilezile utakazozikuta ndani ya waya wowote wa USB, na moja ya ziada ya manjano isiyo na kazi hapa. Nyekundu inabeba volti 5, nyeusi ni ya ardhi, nyeupe na kijani zinabeba data. Unaunganisha kila rangi na mwenzake, unasokota, unalehemu, na kila kiungo unakifunika kivyake kwa utepe kabla ya kuvifunga vyote pamoja. Ya manjano unaikata fupi na kuifunika nayo, isije ikagusa jirani. Kiungo kilicholehemiwa sawasawa hung'aa. Kikiwa na rangi ya kijivu iliyofifia, kirudie, hata kama kinafanya kazi. Mtu anayekirudia kiungo ambacho hakuna atakayekiona tena ndiye ninayempa mashine yangu bila wasiwasi.

Kupitia waya huo, flashi ndogo ya zamani huingiza faili la gemu lililohifadhiwa, tuseme la MechAssault au la 007: Agent Under Fire. Gemu hizo zina kasoro katika namna zinavyosoma mchezo uliohifadhiwa: zikipewa faili lililoandaliwa maalumu, hujikwaa, na katika kujikwaa huitekeleza programu ya mgeni. Mlango unafunguka bila chuma chochote kugusa bodi. Wengine hupendelea kulehemu chipu ya ziada, na kazi hiyo nayo ina mabingwa wake, ila mimi naona njia ya faili inaiachia mashine mwili wake mzima.

Mlango ukishafunguka, jambo la kwanza ni kunakili baiti 256 zilizo katika kichipu cha kumbukumbu cha bodi. Diski ya Xbox na bodi yake wamefungishwa ndoa: diski ina nywila, na nywila hiyo hutokana na zile baiti 256. Bodi ikifa kabla hujazinakili, diski nzima hubaki bubu mbele ya kompyuta yoyote. Nakala iwekwe kwenye flashi, kwenye kompyuta, na kwenye barua pepe pia. Baada ya hapo unaweza kubadilisha diski ile ya gigabaiti 8 kwa kubwa zaidi, na ukitumia kiunganishi cha kisasa hata diski za siku hizi zinakubali. Badilisha pia ule mkanda wa waya wenye nyuzi 40 uweke wa nyuzi 80, data ipite kwa kasi.

Umeme nao usiuchukulie wepesi. Xbox zilizotoka Marekani zimeundwa kwa umeme wa volti 120, na kwetu Tanzania na Kenya ukutani kuna 230 au 240. Bila transfoma ya kushusha, itaungua siku hiyohiyo. Iliyotoka Uingereza haina shida hiyo, na plagi yake ndiyo yetu.

Sasa niwataje waliokipa chombo hiki roho. Mwaka 2002 watu wachache wa kujitolea, waliotawanyika katika nchi mbalimbali, walianza kuandika programu ya kuchezesha muziki na video, iliyoitwa Xbox Media Player. Kabla mwaka haujaisha wakaungana na kundi jingine lililokuwa likifanya kazi kama hiyo, na Juni 2004 wakatoa toleo la kwanza kamili la programu iliyoirithi, XBMC. Megabaiti 64 za Xbox zinagawanwa kati ya prosesa na chipu ya picha. Humo humo mkae menyu, maandishi, mapambo, video inayofunguliwa, sauti yake, na mtandao unaoileta. Simu yenye gigabaiti 2, ambayo leo watu huidharau, ina kumbukumbu mara 32 ya hiyo. Nao waliitosheza. Ukiiwasha leo XBMC kwenye mashine yake ya asili, menyu inateleza bila kukwama, inazifikia faili zilizo kwenye kompyuta ya chumba cha pili kwa kebo ya mtandao, inapiga MP3 na OGG, inaonyesha video za DivX na Xvid, na inaitii ileile rimoti iliyokuwa ikiuzwa kwa ajili ya DVD. Sijui sifa kubwa zaidi kwa mwandishi wa programu kuliko hii, ya kukitendea haki chombo kidogo bila kukilalamikia.

Nao walikuwa na adabu. Ili programu ya Xbox ikamilike, ilihitaji zana ambazo Microsoft walizitoa kwa watengenezaji wa gemu wenye leseni, kwa hiyo mradi ulitoa maandishi ya programu peke yake na haukugawa programu iliyokwisha kuandaliwa. Wapo wengi waliozifungua Xbox ili wacheze gemu za wizi, na jina baya la ufundi huu limetoka kwao. Nawatofautisha kabisa watu hao na wale walioketi usiku kucha wakitafuta namna ya kuonyesha manukuu ya filamu yasipishane na sauti.

Mashine hii ina mipaka, na kuijua mipaka yake ndiko ninakokuita ustadi. Video za kisasa zenye mistari 720 zilizobanwa kwa H.264 haiziwezi, picha itakatikakatika na sauti itatangulia. Anayetaka filamu za mwaka huu asiisumbue. Lakini fikiria kilichomo kwenye kabati za nyumba nyingi za Afrika Mashariki: VCD za harusi, za maulidi, za ubarikio, za mazishi ya babu, sahani zilizokwaruzika ambazo deki za siku hizi hazizitambui. Picha ya VCD kwa mfumo wetu ni nukta 352 kwa 288. Ya DVD ni 720 kwa 576. Vipimo hivyo viwili ndivyo prosesa hii inavyoviendesha huku imetulia. Runinga pana ya leo ikiletewa picha ya VCD huivuta hadi sura zinayeyuka. Xbox kwenye runinga ya kioo kinene, kwa mistari ileile ambayo mpiga picha wa harusi aliitarajia, huirudisha ikiwa na ukali wake. Hapo humwoni mtu akilazimisha kitu. Kumbukumbu za zama zile zimekutana na mashine ya zama zilezile.

Kuzipanga kuna nidhamu yake. Diski ya Xbox haikubali jina la faili linalozidi herufi 42, wala faili moja kufika gigabaiti 4. Basi maelezo yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya sahani, majina ya bwana na bibi harusi, koo zao, mtaa, ukumbi na bendi iliyopiga, yafupishwe. Ni kazi nzuri kuifanya na wazee wa nyumba, kwa kuwa wao ndio wanaojua kipi kibaki. Watakuambia mwaka na mahali vinatosha, kisha watabishana kuhusu mwaka.

XBMC yenyewe imekwisha kuihama nyumba yake. Kuanzia 2007 ilianza kuhamishiwa Linux, Mei 2010 timu ya mradi ikaliachia tawi la Xbox lijiendeshe lenyewe kwa jina la XBMC4Xbox, na mwaka 2014 programu kuu ikabadilishwa jina kuwa Kodi. Vile visanduku vya Android vinavyouzwa madukani kwetu kwa ajili ya runinga, vingi huendesha Kodi. Anayekibonyeza kitufe cha rimoti yake leo anatumia kazi iliyoanzia kwenye megabaiti 64.

Mwenye Xbox stoo asingoje kupata diski wala waya. Karibu mashine zote, isipokuwa za toleo la mwisho la bodi, zina kapasita ya saa ambayo kwa umri huu huvuja, na maji yake hula njia za shaba zilizo chini yake hata kama mashine haijawashwa kwa miaka. Fungua zile skrubu sita, ondoa deki na diski, itafute kapasita hiyo nene, fupi, ya volti 2.5, uing'oe taratibu, kisha usafishe pale kwa spiriti na mswaki laini hadi shaba ionekane. Haihitaji kurudishiwa nyingine. Mashine itawaka bila hiyo, ila ikichomolewa ukutani itasahau saa, na XBMC itaichukua tena kutoka kwenye intaneti.