Kidole cha Shahada

Mshipi wangu wa kwanza haukuwa na ndoana. Babu alifunga chubwi tupu, risasi ndogo kama kungumanga, akanipa kibao kilichozungushiwa uzi, akasema: "Teremsha, kisha uniambie kuna nini huko chini." Nilikuwa na miaka 8. Ngarawa yetu ya mwembe ilitia nanga nje ya mwamba wa Jambiani, penye kina cha pima 10 hivi, nami nilitaka samaki, si maswali.

Chubwi likifika mchangani, uzi hulegea kimya. Likigonga jiwe, kidole hushtuka. Kwenye majani linazama taratibu, na kulitoa kunataka ubembeleze. Siku tatu nilipapasa sakafu ya bahari, ndipo nikapewa ndoana na kipande cha ngisi.

Mvuvi wa mshipi haoni kitu. Kazi yote iko kwenye kidole cha shahada, pale uzi unapopita. Kikande hudonoa harakaharaka kama kuku kwenye mtama, na mara nyingi huondoka na chambo chako ukabaki unavua maji. Changu huonja, akaacha, akarudi, mvumilie. Chewa hana mazungumzo: akishameza anageuka kwenda pangoni, na usipomwinua papo hapo atajitanua humo mpaka mshipi ukatike. Tasi msahau. Huyo mla majani ni wa dema.

"Usivute. Huyo anabisha hodi tu," babu aliniambia, naye amekaa tezi ameshika mshipi wake mwenyewe. Nilidhani ana uganga. Kumbe alikuwa akitazama bega langu.

Bamvua ikiingia, mwezi mchanga au mpevu, hatukwenda. Mkondo huulaza mshipi na kidole kinakuwa kiziwi. Babu alibaki uani akishona tanga, akisubiri maji mafu. Wanaokuja na fimbo zenye magurudumu sina ugomvi nao, ila naona wameweka chuma kati ya mkono na samaki. Mimi nailoni ilinikata mpaka ndani siku nilipong'ang'ania chewa. Alama ipo kwenye kiungo cha kwanza, na baridi ikizidi inawasha.

Mtoto wa jicho alimwingia babu nikiwa kidato cha tatu. Likizo nilishika usukani mimi, naye akakaa mbele. Nilipoona mnazi mrefu umelingana na paa la msikiti, kama alivyonifundisha, nikatupa nanga. Babu akateremsha chubwi, akatulia kidogo, uso ameuelekeza kokote.

"Tumepita," akasema. "Huu mchanga. Rudi nyuma, jiwe liko kusini."

Nikaing'oa nanga, nikapiga kafi mara sita au saba. Alikuwa hajaupandisha mshipi. Ulikuwa ukiburura chini yetu, na kidole chake kikarukaruka.

"Haya," akasema. "Tia chambo."