Lita Tatu, Kisha Bungoma

Kenya hairuhusu gari la mtumba liingie nchini likiwa limepitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mengi hushuka Mombasa yakiwa yamekaribia ukomo huo, kisha yanaanza maisha mapya mikononi mwetu. Likifika Kitale na kupigishwa barabara miaka mingine 10, gari la giaboksi otomatiki huwa limetembea kilomita laki mbili na ushee. Oili ya injini imebadilishwa mara nyingi. Ya giaboksi, aghalabu hakuna anayekumbuka.

Hapo ndipo huonekana fundi wa kweli. Ninayependa kumtazama mjini Kitale hashiki spana gari likiletwa. Analiendesha kwanza mpaka oili ipate moto, anasikiliza kila gia inavyoingia, anasimama na kuhamisha kutoka N hadi D, kisha R, akisubiri aone kama litashtuka au litachelewa kuvuta. Ndipo anachomoa kijiti cha kupimia na kudondosha tone kwenye kitambaa cheupe. Oili mpya ni nyekundu, inang'aa. Iliyochoka ni ya kahawia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, huinuka na kuzungumza na mwenye gari kabla ya kufungua chochote.

Mazungumzo hayo nayaheshimu kuliko kazi yote inayofuata. Kuna imani kwamba giaboksi ya zamani ikibadilishwa oili inakufa. Mara nyingi ilikuwa imeshaanza kuteleza, mwenyewe akakimbilia oili kama dawa, nayo oili mpya ikabeba lawama. Fundi huyu hukataa pesa ya namna hiyo. "Mwalimu, hii oili haitaiponya. Nikikuwekea nitakuwa nimekula pesa yako bure."

Akiridhika kwamba giaboksi ni nzima, anashusha sampu. Ndani yake kuna sumaku ndogo zilizokaa zikinasa vyuma. Anazing'oa moja moja na kuupaka ule uchafu kwenye kidole gumba. Ukiwa laini kama masizi, huo ni uchakavu wa kawaida wa umri. Ukikwaruza, ukaona vipande vinavyometa, kuna gia au beringi inayolika. Anafuta sumaku, anasafisha chujio, anaweka gasketi mpya, na kukaza nati kwa kupishana pembe hadi pembe ili sampu isipinde.

Oili haitoki yote. Nyingi hubaki ndani ya toki konveta, lile duara zito lililo kati ya injini na giaboksi. Chukua giaboksi inayobeba lita 8 na kumwaga 3. Baada ya mara ya kwanza, lita 5 bado ni za zamani. Baada ya mara ya pili, ya zamani ni kama asilimia 39. Baada ya ya tatu, imeshuka chini ya robo. Zipo mashine za kuisukuma yote nje kwa mara moja, lakini kwenye gari lililozeeka bila huduma yeye hazitaki: uchafu uliotulia miaka yote unaweza kung'oka kwa pamoja na kuziba mapitio membamba ya vali.

Kwa hiyo anaweka lita 3 na kumwambia mwenye gari aende Bungoma kwa shughuli zake. Barabara inafanya nusu ya kazi. Unateremka kupitia Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, unatambaa nyuma ya trela za miwa upande wa Bukembe, kisha unarudi kuupanda mwinuko hadi Kitale, takriban mita 500 juu ya Bungoma. Gia zote zinatumika, joto linapanda, oili mpya inachanganyika na ya zamani. Akirudi, wanamwaga tena.

Huko Bungoma, upande wa Kanduyi, nimemwona mwingine mwenye mkono kama huo. Yeye hupima kwa chupa kilichotoka na kurudisha kiasi hichohicho, kwa sababu magari mengi ya sasa hayana kijiti. Aina ya oili haibahatishi. Toyota inayotaka WS haipewi T-IV, na yenye giaboksi ya CVT ina oili yake, maana mkanda wake wa chuma hutegemea msuguano maalumu. Sayansi hii ina historia ndefu: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, oili za giaboksi otomatiki huko Marekani zilitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike bila kushtuka. Marufuku ya kuwavua ilipokuja, wanakemia wakalazimika kuanza upya.

Mwishoni yule wa Kitale hukata kipande cha selotepu ya karatasi, huandika tarehe, kilomita na aina ya oili, na kukibandika kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Fundi mwingine atakayelifungua, awe Bungoma au Lodwar, atajua pa kuanzia.