Sleng Teng: Mdundo wa Wote, Wimbo wa Tenor Saw

Mtajie mshikaji yeyote Sleng Teng, atakujibu "Wayne Smith", basi, habari imekwisha. Sawa, ni haki yake. Yeye na mwenzake Noel Davey waliuokota mdundo wa roki uliokuwemo tayari ndani ya kinanda kidogo cha Casio MT-40, wakaupeleka kwa prodyuza King Jammy, Kingston. Jammy akaupunguza mwendo, akatia piano na makofi. Tangu hapo wapiga besi na wapiga ngoma wa studio za Jamaica wakaanza kukosa kazi. Na aliyeuunda mdundo wenyewe ni dada wa Kijapani, Hiroko Okuda, mwajiriwa wa Casio. Sasa mwenye mali nani hapo?

Nauliza kwa sababu vijiweni kwetu sisi tunaoandika kelele ni moja tu: fulani kaiba, fulani kaiga. Wajamaika hawana shida hiyo. Ridimu ni uwanja, anayeweza aingie. Johnny Osbourne aliingia na "Buddy Bye", wengine wakafuata, besi ileile. Hata kwetu mizani nane kwa nane haikuwa shamba la Muyaka peke yake. Linaloulizwa ni umeingia na nini.

Smith aliingia na bangi: anaisifu, anaikataa kokeni, na nyuma yake unaisikia "Under Mi Sensi" ya Barrington Levy. Unachezeka, sibishi. Lakini ukishausikia ubeti wa kwanza, umeusikia wote.

Tenor Saw, kijana wa miaka 19, aliingia na methali. "Pumpkin Belly" yake ni methali za Kijamaika mwanzo mwisho, moja inaisukuma nyingine, utadhani bibi yuko barazani anamsema mtu bila kumtaja jina. Hapo ndipo aliponikamata. Mashine mpya kabisa, isiyo na jasho la mtu, na juu yake maneno ya wazee! Na ile sauti, nyembamba, yenye kulialia, wala haikimbizani na mashine. Mwaka 1985 aliimba "Ring the Alarm" juu ya Stalag, mdundo wa miaka ya 1970 uliopigwa na watu wa nyama na damu, na sauti ni ileile. Mdundo ndio unaomfuata yeye.

Najua kuna watakaosema kuunga methali ni uvivu, eti mtu kaokoteza tu. Jamani, sikilizeni mpangilio! Methali moja ni busara. Kumi mfululizo, juu ya besi isiyobadilika, zinakuwa vitisho.

Tenor Saw alikutwa amekufa Houston, Marekani, mwaka 1988, ana miaka 22. Smith alifariki 2014. Wewe zipige nyimbo zao mbili kwa kufuatana, uanze na ya Smith, halafu uniandikie kama bado unabisha.