Kadi ya Mchango Kwenye Meza ya Usaili

Mwanafunzi wa usanifu wa grafiki akiitwa kwenye usaili, kwanza hukusanya kila alichowahi kuchora: nembo za kazi za darasani, mabango ya tamasha la chuo, jalada la riwaya ambayo haijaandikwa, fulana za timu ya mtaani, sura ya rafiki aliyoigeuza mchoro, kadi za harusi za nduguze. Akishakusanya, huanza kupunguza. Hapo ndipo ufundi wake unapoanza kuonekana. Nataka kuusifu ufundi huo wa kupunguza, maana wateja wetu wamezoea kumwona dizaina kuwa mtu wa kuongeza: ongeza rangi, weka kivuli, tia na maua pembeni, nembo nayo ikue kidogo.

Kupunguza kunauma. Lipo bango alilolikeshea hadi adhana ya alfajiri, na analipenda kwa sababu ya usiku ule. Msaili hakuwepo usiku ule. Yeye analiona bango tu, tena kwa sekunde chache. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kuitazama kazi yake kwa jicho la mtu asiyemjua, na sioni zoezi jingine la chuoni linalofundisha hivyo. Darasani mwalimu ndiye aliyetoa swali, ndiye aliyepanga tarehe na ndiye aliyesahihisha. Kwenye potifolio mwanafunzi ni mteja, ni dizaina, na ni mhariri wa mambo yake mwenyewe. Ndiye anayeamua kazi ipi ifungue, ipi ifunge, ipi isikae karibu na ipi zisije zikagombana rangi. Kazi nane au kumi zinatosha. Ya kumi na moja ikiwa dhaifu haimwongezei kitu. Inamfanya msaili ajiulize kama kijana huyu anajua tofauti ya hii na zile nzuri.

Zipi basi zibaki? Wengi hubakiza nembo mpya walizozibunia kampuni kubwa ambazo hazikuwaomba: Coca-Cola, Nike, shirika fulani la ndege. Zinapendeza, na zimebandikwa kwa ustadi kwenye picha za vikombe na mifuko ambayo haijawahi kutengenezwa. Sizidharau, kwa kuwa zinazoeza mkono. Lakini hazijawahi kukataliwa na mtu. Hakuna mhasibu aliyesema karatasi hiyo ni ghali, wala mama wa bibi harusi aliyepiga simu saa nne usiku kuongeza jina la mjumbe wa kamati. Kwa maoni yangu, kadi moja ya mchango wa harusi iliyofanya kazi yake ina uzito zaidi kuliko nembo tano za kujitungia, na ninasikitika kwamba vijana wetu huionea aibu wakaiacha nyumbani.

Tuitazame kadi hiyo kwa heshima inayoistahili. Tuseme ni ya A6, milimita 105 kwa 148. Humo inatakiwa ibebe majina ya maharusi, familia inayoomba, tarehe ya shughuli, siku ya mwisho ya kupokea michango, namba za kutumia pesa pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mtumaji, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na ule mstari wa nukta wa kuandikia jina la anayeombwa. Kila mmoja wa hao ana cheo chake na anataka kionekane. Dizaina aliyekomaa anajua kuwa kadi ina kazi moja, nayo ni kwamba pesa zifike kwenye namba sahihi kabla ya tarehe. Basi namba inapewa herufi nene na inaachiwa nafasi pande zote. Tarakimu zinagawanywa tatu tatu ili mzee aliyesahau miwani asiruke hata moja. Majina ya maharusi yapewe maandishi ya kujipinda kama ilivyo desturi, lakini namba isiyaguse kabisa. Na karatasi isiwe ya kung'aa, kwa sababu wino wa kalamu hautulii juu yake. Jina la anayeombwa litafutika kiganjani mwa mjumbe kabla kadi haijamfikia mwenyewe. Siku hizi kadi hiyo hiyo itapita pia kwenye WhatsApp, kwa hiyo lazima isomeke mkononi na isomeke kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Mwanafunzi anayeweza kuyasema hayo kwa dakika tatu amekwisha kusema usanifu ni nini. Nani anasoma, anasomea wapi, aone nini kwanza, afanye nini akishasoma. Msamiati wa vitabuni atautaja akipenda.

Tena hahitaji kwenda mbali kutafuta ukoo wa kazi hiyo. Mchora kanga alifungwa na masharti makali zaidi: pindo lizunguke pande zote nne, mji ukae katikati, jina, yaani maneno yake, lipate kisanduku chake chini ya mji, na vyote hivyo vieleweke nguo ikiwa imefungwa kiunoni, imejikunja, na mwenye nguo anatembea. Rangi ni chache na maneno ni machache. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lenye chapa ya Mali ya Abdulla, limekuwa katika biashara hiyo tangu 1887. Majina ya kanga za zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakahamia herufi za Kilatini, na mpangilio ukabaki palepale. Huo ni usanifu uliokaa zaidi ya karne bila kuchuja. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anataja Bauhaus, ile shule ya usanifu ya Ujerumani, kwenye usaili na kanga haitaji. Bauhaus si vibaya. Ila msaili ameshaisikia kutoka kwa watatu waliotangulia asubuhi hiyo.

Kazi zikishawekwa mezani, swali linalofuata ni la kwa nini. Kwa nini herufi hizi? Kwa nini picha imekatwa hapa? Jibu la kwamba ilipendeza halimfikishi mtu popote. Mwaka 1986 Steve Jobs, ambaye alikuwa ameondoka Apple, alimtafuta dizaina Paul Rand amtengenezee nembo ya kampuni yake mpya, NeXT. Akamwomba amletee mapendekezo kadhaa achague. Rand akakataa: yeye atalitatua tatizo, atalipwa, na nembo Jobs aitumie au asiitumie ni juu yake. Malipo yalikuwa dola 100,000. Alichokuja nacho kilikuwa kijitabu kinachomshika msomaji mkono ukurasa baada ya ukurasa: jina likiwa kwa herufi za kawaida, kisha kwa nini ile e iwe ndogo, kisha kwa nini mchemraba, hadi nembo yenyewe inapotokea, mchemraba mweusi ulioinamishwa nyuzi 28. Mwanafunzi asiige jeuri ya Rand, ambayo ilikuwa na karibu miaka hamsini ya kazi nyuma yake. Aige kijitabu. Kila kazi iliyomo kwenye potifolio iwe na maneno machache kando yake: niliombwa nini, nilijaribu nini kikagoma, nikaamua nini. Rasimu za penseli ziwemo, hata zile zenye doa la chai. Na kama kazi ilifanywa na watu wanne, aseme ni wanne, na ataje sehemu yake. Fani hii ni ndogo; mmoja wa wenzake watatu anaweza kuingia mlango huo huo saa nane mchana na bango lile lile.

Kuna elimu nyingine isiyopatikana kwenye kompyuta, nayo humtambulisha mtu mara moja. Kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya uchapaji inatumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani kile kinachowaka kwenye kioo hakimo ndani ya wino huo, na kikifika kwenye karatasi kinapooza. Picha iliyotumwa WhatsApp imeshapunguzwa, na ikikuzwa kwenye bango inavunjika vipande vipande, wakati mchapaji anataka nukta 300 kwa kila inchi. Rangi inayofika ukingoni lazima ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, kwa sababu rundo la karatasi husogea kidogo chini ya kisu, na kisu hakiombi radhi. Aliyewahi kusimama kando ya mashine Kariakoo ya Dar es Salaam au River Road ya Nairobi, akamwuliza fundi maswali ya kijinga na kujibiwa kwa ukali, anayazungumza mambo haya kwa namna tofauti na aliyeyasoma. Mikono yake inakwenda yenyewe kuonyesha unene wa karatasi. Ningekuwa na nafasi moja ya kazi, ningempa huyo.

Wasaili wengine humwambia mwanafunzi afungue faili lenyewe, lile la kazi, si picha iliyokamilika. Hapo huonekana mengi. Sebule kila mtu huifagia wageni wakija. Jikoni ndiko kunakomsema mwenye nyumba. Matabaka mia mbili yasiyo na majina, fonti zisizojulikana zilikotoka, mafaili matano yanayoitwa mwisho, mwisho2, mwisho kabisa, mwisho wa kweli na mwisho tuma hili. Ofisini faili hilo litafunguliwa na mwenzake siku yeye akiwa mgonjwa, na mteja anasubiri. Kulipanga vizuri ni adabu kwa mtu ambaye huenda hamjui, na mimi naihesabu adabu hiyo kuwa sehemu ya ufundi sawa na kuchagua rangi.

Siku yenyewe haina maneno mengi. PDF iwe kwenye flashi, iwe kwenye simu, na kazi chache ziwe zimechapwa, kwa sababu umeme hukatika na kompyuta ya chumba cha mikutano haina fonti zako. Fika mapema. Kuhusu shikamoo, mkurugenzi wa ubunifu aliyekuzidi miaka mitano huenda akaruka kidogo, lakini sijawahi kusikia mtu aliyenyimwa kazi kwa kuamkia. Ukikosolewa, sikiliza hadi mwisho kabla ya kutetea. Wakati mwingine msaili anakosoa kitu kizuri kwa makusudi ili aone utafanya nini, maana wateja watafanya hivyo hivyo kila wiki.

Yapo pia ya kuwaambia wanaokaa upande wa pili wa meza. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, mwanafunzi wa usanifu wa grafiki wa chuo cha Portland State huko Oregon, Marekani, alimchorea alama ya Nike mmoja wa waanzilishi wake, Phil Knight, aliyekuwa akifundisha uhasibu chuoni hapo. Alilipwa dola 35, na mwaka 1983 kampuni ikampa hisa. Watu husimulia habari hiyo wakicheka udogo wa dola 35. Mimi nakumbuka kwamba alilipwa, tena kabla mtu yeyote hajajua alama ile itafika wapi. Kwetu wako waajiri wanaowapa wasailiwa kumi jaribio la bango, wasimwajiri hata mmoja, kisha bango moja likaonekana barabarani mwezi unaofuata. Jaribio liwe la mteja wa kubuni, liwe la saa chache, na matokeo yatumwe hata kwa walioshindwa. Na mkiipenda kazi ya jaribio mkataka kuitumia, mlipeni aliyeifanya, hata kama kiti mmempa mwingine.