Kuchagua Nakala za Michoro ya Hilma af Klint

Maneno "ubora wa makumbusho" kwenye tangazo la nakala ya mchoro hayana kipimo rasmi. Muuzaji yeyote huweza kuyabandika. Kinachobaki ni kuikagua nakala yenyewe. Kwa michoro dhahania ya kiroho kazi hiyo ni ngumu, kwani hakuna sura ya mtu wala mti wa kumwonyesha mnunuzi kwamba rangi imekosewa. Hilma af Klint wa Uswidi (1862–1944) alichora picha 193 za mfululizo wa hekalu kati ya 1906 na 1915. Humo buluu huwakilisha hali ya kike, manjano ya kiume, na kijani muungano wa hali hizo mbili. Buluu ikichapwa kizambarau, maana ya picha imeharibika.

Kwa hiyo rangi hukaguliwa kwanza. Nakala ilinganishwe na katalogi nzuri ya maonyesho, mchana karibu na dirisha, kisha usiku chini ya taa ya nyumbani. Wino duni hubadilika waziwazi kutoka mwanga mmoja hadi mwingine, hasa kwenye kijivu na waridi hafifu.

Picha kumi kubwa za mfululizo huo, za 1907, zilichorwa kwa tempera juu ya karatasi iliyogundishwa kwenye kitambaa, na uso wake haung'ai. Nakala ya turubai iliyopakwa vanishi huuzwa ghali, lakini kwa picha hizi ni kosa. Karatasi ya pamba isiyo na mng'ao ndiyo inayokaribia asili. Iwe pamba asilimia 100, isiyo na asidi, yenye uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Weupe wake hupimwa kwa taa ya kukagulia noti: karatasi ikiwaka buluu kali, imetiwa kemikali ya kung'arisha, na weupe huo hufifia kwa miaka.

Wino uwe wa chembe za rangi, maana wa rangi iliyoyeyushwa hupauka upesi juani. Lenzi ya kukuzia nayo husema mengi. Chapa ya kawaida ya kiwandani huonyesha vitone vilivyopangwa kama maua madogo. Chapa nzuri ya wino wa kunyunyiza huonyesha vumbi laini lisilo na mpango. Kingo za maumbo zikiwa na ukungu, faili lilikuwa dogo: nakala ya upana wa sentimita 60 huhitaji pikseli 7,000 hivi upande huo.

Vipimo husahauliwa mno. Picha hizo kumi zina kimo cha zaidi ya mita 3 na upana wa karibu mita 2.4. Kwa uwiano huo, nakala ya upana wa sentimita 50 inapaswa kuwa na kimo cha 67 hivi. Ikijaza karatasi ya 50 kwa 70 bila pambizo, imekatwa ubavuni au imevutwa.

Hakimiliki haina uzito sana hapa, kwa kuwa katika nchi nyingi hudumu miaka 70 baada ya kifo cha msanii, na kwa af Klint miaka hiyo imekwisha. Lakini kwa nakala za msanii kama Mark Rothko, aliyefariki 1970, muuzaji aonyeshe kibali.

Fremu iwe na kadi isiyo na asidi na kioo kinachozuia miale ya jua, na kadi hiyo itenganishe kioo na karatasi, kwani penye unyevunyevu chapa hugandamana na kioo na haibanduki bila kuchanika.