Kilwa ya Kujengwa na Yeyote

Ushairi wa pwani yetu umezoeana na magofu. Tangu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipouhutubia moyo wake katika Al-Inkishafi na kuukumbusha yaliyoipata Pate, anguko la mji limekuwa miongoni mwa maudhui makuu ya tungo za Kiswahili. Basi si ajabu kwamba mpenzi wa tungo hizo, akisikia kuna mchezo wa kompyuta uitwao Rise and Fall, yaani Kuinuka na Kuanguka, na kwamba Kilwa Kisiwani imo ndani yake, atataka kujua imefanywa nini humo. Makala haya yanakusudia kuuhakiki mchezo huo kama tunavyouhakiki utenzi: kwa fani yake na kwa maudhui yake.

Kwanza tuueleze. Rise and Fall haujitegemei. Ni nyongeza iliyotolewa Februari 2018 juu ya Civilization VI, mchezo wa mwaka 2016 wa kampuni ya Firaxis ya Marekani. Ukoo wenyewe ulianza mwaka 1991 kwa kazi ya Sid Meier. Mchezaji hushika taifa moja, akaliongoza kutoka kijiji cha kale hadi zama za roketi, huku mataifa mengine yakishindana naye. Huchezwa kwa zamu, kama bao, na aliyewahi kukaa barazani akitazama bao ataelewa upesi kwa nini watu huukeshea: kila zamu huzaa swali ambalo zamu ijayo tu ndiyo itakayolijibu.

Katika mchezo wa awali, historia ilikuwa ngazi. Taifa lilipanda, na aliyechelewa alikuwa amechelewa tu. Nyongeza hii, iliyobuniwa chini ya uongozi wa Anton Strenger, ilitaka historia iwe na kupwa na kujaa. Matendo makubwa ya taifa, kama vile kuwa la kwanza kuizunguka dunia, huhesabiwa alama. Zama zikimalizika, lenye alama za kutosha huingia katika enzi ya dhahabu, na lililopungukiwa huingia katika enzi ya giza. Hata rangi za ramani hubadilika, zikang'aa au zikafifia.

Jambo jingine lililoongezwa ni utiifu wa miji. Mji uliojengwa mbali na ndugu zake, karibu na miji mikubwa ya jirani, huanza kulegea. Usiposhughulikiwa huasi, ukawa mji huru, na mwishowe huenda ukaangukia kwa jirani bila upanga kuchomolewa. Hapa fani imeafikiana na ukweli. Sisi tuliozaliwa katika miji iliyobadili mabwana mara nyingi tunafahamu kwamba mji haupotei kwa mizinga peke yake. Hupotea pia kwa soko lililohamia ng'ambo na kwa vijana walioanza kutazama upande mwingine. Katika sehemu hii mtungaji wa mchezo anastahiki pongezi.

Lakini jina la kazi ni ahadi, na nusu ya ahadi hii haikutekelezwa. Tuitazame enzi ya giza kwa makini. Taifa lililomo humo hupata sera za pekee zisizopatikana wakati mwingine, zenye nguvu kubwa ingawa zina gharama. Tena, likitoka gizani moja kwa moja hadi kwenye dhahabu, halipati enzi ya dhahabu ya kawaida bali enzi ya kishujaa, ambamo huruhusiwa kuchagua fadhila tatu badala ya moja. Matokeo yake ni kwamba mchezaji hodari anaweza kulitafuta giza kwa makusudi, kwa sababu ameshapiga hesabu ya faida yake. Anguko limekuwa mtaji. Nalo anguko ambalo mtu hulichagua kwa kuwa lina faida si anguko, ni mkopo.

Linganisha na bao. Kete zake ni sitini na nne, na hakuna hata moja inayotoka ubaoni. Ninachokila mimi umekipoteza wewe, na mwisho mmoja hubaki hana pa kucheza, mbele ya macho ya wote. Katika Rise and Fall kuanguka kwa kweli huwapata wengine tu. Mchezaji mwenyewe akiona mambo yameharibika, hufungua mchezo aliouhifadhi jana, akaufuta msiba kana kwamba haukutokea.

Tungo za magofu hufanya kinyume cha hayo. Hazilii juu ya kuta. Huchukua kuta zilizoanguka na kumuuliza aliyesimama bado: na wewe je? Swali hilo ndilo kiini cha maudhui ya kuinuka na kuanguka, na mchezo huu haumwulizi mchezaji hata mara moja.

Sasa tuje Kilwa. Humu Kilwa Kisiwani ni mojawapo ya maajabu ya dunia, na hujengwa kwenye ardhi tambarare inayopakana na bahari. Aliyeijenga hupewa wajumbe watatu wa kupeleka katika miji-dola, na mji ulioijenga huzidishiwa faida itokanayo na miji hiyo. Wazo hili ni zuri kuliko linavyoonekana. Kilwa aliyoizuru Ibn Battuta mwaka 1331 ilitajirika kwa kukaa katikati, kati ya dhahabu iliyopita Sofala na majahazi ya Bahari ya Hindi. Aliyeamua kwamba nguvu ya Kilwa iwe uhusiano na wengine, wala si jeshi, alikuwa amesoma.

Hata hivyo, ajabu hilo huweza kujengwa na yeyote, na mara moja tu katika mchezo mzima. Uskoti ikiwahi, Kilwa ni ya Uskoti, na wengine wameikosa. Waswahili wenyewe hawamo kama taifa la kuongozwa. Zimbabwe Kuu nayo imo katika Civilization VI kama ajabu, lakini hapana kinachoiunganisha na Kilwa, ilhali katika magofu yake iliokotwa sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Wareno walioivamia Kilwa mwaka 1505 hawamo katika hadithi ya ajabu hilo. Kuinuka kwake kumehifadhiwa, kuanguka kwake kumeachwa nje, ndani ya kazi iliyobeba maneno yote mawili katika jina lake.

Zanzibar nayo imo, kwa daraja la mji-dola. Haiwezi kushinda, huweza kupendelewa tu. Anayeipata chini ya mkono wake hupewa mdalasini na karafuu, bidhaa zisizopatikana humo kwa njia nyingine. Karafuu huja kama zawadi ya ardhi. Hakuna dalili ya watumwa walioyalima mashamba hayo katika karne ya 19. Na miongoni mwa magavana walioletwa na nyongeza hii yumo mwanamke aitwaye Amani, anayeweza kutumwa katika mji-dola na kuhesabiwa kama wajumbe wawili. Sikio la Mswahili haliwezi kulipita jina hilo bila kusita: Amani, ambaye kazi yake ni kuuweka mji mdogo chini ya mkubwa.

Watasema huu ni mchezo tu. Jamii ya Wakree wa Kanada haikuuona hivyo. Januari 2018, kabla nyongeza haijatoka, kiongozi wao Milton Tootoosis alilalamika kwamba kumfanya chifu Poundmaker kuwa mmoja wa watawala wa mchezo ni kueneza dhana kwamba watu wake walikuwa na tamaa ileile ya kuteka nchi za wengine. Hoja yake inatuhusu. Kuwekwa ndani ya mchezo si lazima iwe heshima. Inategemea umewekwa ufanye nini.

Hukumu yangu ni hii. Kwa fani, Rise and Fall ni kazi iliyofikiriwa vyema, na sehemu yake ya utiifu wa miji inafaa kuchezwa na kila apendaye historia. Kwa maudhui, ni kazi iliyoukaribia mlango na haikuingia. Kijana wa pwani atakayeicheza ataondoka akijua kwamba Kilwa ilikuwa kubwa, na hilo si dogo. Kwa nini haipo tena kama ilivyokuwa, hataambiwa humo. Hilo tumeachiwa sisi wenye kalamu, na Kilwa ya baada ya 1505 bado inasubiri utenzi unaoistahiki.