Cha Kusoma Kiko Wapi? Riwaya kwa Mtoto wa Nyanda za Kati

Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 12 anaishi Dodoma. Mama yake ni miongoni mwa watumishi wa wizara za Muungano waliofungasha virago Dar es Salaam baada ya Serikali kutangaza, mwaka 2016, kwamba ule uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu katikati ya nchi sasa ungetekelezwa kwa vitendo. Mtoto alifika huko akiwa na miaka 4. Bahari kwake ni jambo la likizo. Kilicho chake ni vumbi la kiangazi, mibuyu, upepo usiotulia na zabibu zinazouzwa kando ya barabara.

Nilipokwenda kumtembelea nilimchukulia vitabu viwili, nikiamini nimechagua kwa busara. Kimoja kilikuwa na picha kila ukurasa na herufi kubwa. Cha pili kilikuwa riwaya mojawapo ya zile zinazotahiniwa sekondari. Alivipokea kwa adabu, akavipekua, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo asili ya makala haya: "Mjomba, hiki cha watoto wadogo, na hiki cha mtihani. Cha kusoma kiko wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulikwenda pamoja dukani, na hali ikawa ile ile. Rafu ya chini ilijaa vitabu vya sungura na fisi. Rafu ya juu ilijaa vitabu vya kiada, na pembeni mwake vijitabu vya "uchambuzi" vilivyokuwa vingi kuliko riwaya zinazochambuliwa. Baina ya rafu hizo mbili palikuwa na madaftari. Huo ndio mwanya ninaotaka kuuzungumzia: miaka minne au mitano, tangu darasa la tano hadi kidato cha pili, ambayo ndani yake mtoto ama huwa msomaji wa maisha yake yote, ama huagana na kitabu siku anapotoka katika chumba cha mtihani wa mwisho.

Wengi wetu tukiombwa kitabu cha mtoto wa umri huu hutafuta kwanza kitabu kisichokuwa na mabaya. Nadhani tunaanzia pasipo. Mtoto wa miaka 12 anayajua mauti, anaujua umasikini, na anajua kuwa wakubwa nao husema uongo. Asichoweza kukivumilia ni kitabu ambacho mtoto aliyemo ndani yake ni wa kutendewa tu: wa kupigwa, wa kuonewa huruma na wa kupewa nasaha. Kwa hiyo kipimo changu kina maswali mawili. Je, mtoto wa kitabuni anaamua jambo, na uamuzi wake ukageuza mkondo wa hadithi? Na je, mwandishi anamwachia msomaji mdogo kazi yoyote ya kuhukumu, au amekwisha kumhukumia yote?

Kipimo hiki kinatuepusha na kosa la kudhani kwamba riwaya yenye mtoto ndiyo riwaya ya mtoto. Yusufu wa *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 ambayo Ida Hadjivayanis aliileta katika Kiswahili mwaka 2022, ana miaka 12 pale anapochukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Ni riwaya ya fahari, lakini uchungu wake unamtaka msomaji aliyekwisha kuuonja ukubwa. Na isubiri. Vivyo hivyo *Watoto wa Mama N'tilie* (2002) ya Emmanuel Mbogo. Peter na Zita, watoto wa muuza chakula, wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, wakaangukia jalalani. Mbogo ana jicho kali, na mji wa Dar es Salaam anaouchora ni wa kweli. Lakini watoto wake husukumwa kutoka dhiki hadi dhiki, na mara chache hupewa nafasi ya kushika usukani. Ningempa mtoto wa miaka 14, na ningeketi naye tukisoma.

Kitabu ninachokitanguliza ni *Takadini* cha Ben J. Hanson, kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 2004. Shule zimekitia katika orodha ya mtihani, na hilo limekidhulumu, kwani watoto wengi hukikuta kikiwa tayari kimekatwakatwa kuwa "dhamira" na "wahusika". Sekai, mama aliyekaa miaka bila ya mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto auawe. Sekai anakimbia naye, anafika kijiji kingine, na huko mzee Chivero anamfundisha kijana kupiga mbira. Kitabu kina upungufu wake: nusu ya kwanza ni ya mama zaidi kuliko mwana, na Takadini anachelewa kupata sauti yake mwenyewe. Lakini akishaipata, anaipata kwa kazi ya mikono yake. Hapewi utu kwa kuhurumiwa. Anautwaa kwa ala na kwa subira.

Kwa mtoto wa Dodoma kitabu hiki kina uzito wa pekee. Kwanza, nchi yetu, tangu mwaka 2006 hivi na kwa miaka mingi iliyofuata, ilishuhudia watu wenye ualbino wakiuawa kwa ajili ya ushirikina, na huko Buigiri, wilayani Chamwino, ipo shule ya wasioona ambamo watoto wenye ualbino husoma. Habari za Takadini kwao si hekaya. Pili, mbira ya Chivero ni ndugu wa ilimba ya Wagogo, ile marimba ya vidole gumba ambayo Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliitembeza duniani kutoka kijiji cha Dodoma. Mtoto atakayesoma sura za Chivero anaweza kuinua kichwa akaisikia ala ile ile barazani kwa jirani.

Marimba inatupeleka kwa Edwin Semzaba na *Marimba ya Majaliwa* (2008), riwaya iliyoandikwa kwa makusudi kwa ajili ya vijana. Mvulana Majaliwa anazunguka sehemu nyingi za Tanzania katika msako wake, na maajabu yanafungamana na jiografia hata msomaji hajui alipojifunza na alipocheza. Semzaba, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa mtu wa jukwaa, na mazungumzo yake yanasikika. Pengine safari ina vituo vingi mno, na baadhi ya mikoa inapitwa kama watalii wanavyopita. Hata hivyo, hapa mtoto ndiye anayeamua. Kwa miaka 11 na 12 sijakutana na kingine cha kukizidi.

Kwa miaka 13 na kuendelea ipo *Siku Njema* (1996) ya marehemu Ken Walibora. Msanifu Kombo, mwana wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anampoteza mama yake na kushika njia kwenda Kenya kumtafuta baba. Bahati inamkubali mno Msanifu, na kila analolijaribu analiweza. Lakini Kiswahili chake kinatiririka, na mtoto anayekipenda atakifunga akiwa na akiba ya maneno ambayo hakuna mwalimu aliyemwamuru ayakariri.

Na sisi wa visiwani tuna la kuwapelekea. *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi miaka miwili kabla, haijachujuka. Bwana Msa na kiko chake anamfundisha mtoto jambo ambalo mitihani haimfundishi: kutoamini jibu la kwanza. Kiunguja chake cha zamani kinaweza kumkwaza mtoto wa bara, basi mkubwa na asome naye sura za mwanzo kwa sauti. *Kurwa na Doto* (1960) ya Muhammad Saleh Farsy ni fupi na tulivu, na inamwonesha mtoto wa mbali jinsi kijiji cha Unguja kilivyoishi. Ama *Adili na Nduguze* (1952) ya Shaaban Robert ina maajabu ya kutosha kumkesha mtoto wa miaka 11, japo majina yenyewe, Adili, Hasidi na Mwivu, yamekwisha kutoa hukumu kabla kisa hakijaanza.

Sasa natazama orodha yangu na kuona aibu yake. Ina Unguja, ina Tanga, ina Dar es Salaam, ina kijiji cha kusini mwa Afrika. Nyanda za kati zimo kwa kupitiwa tu. Na hilo si la jana. Katika karne ya 19 misafara ya watu wetu iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilikatiza Ugogo, ikawalipa watemi hongo ili ipate maji na njia. Walioandika na kusimulia safari hizo waliandika kiu na hongo. Katika fasihi ya pwani Ugogo umekuwa njia, haujawa nyumbani kwa mtu. Mtoto anayesoma kwamba kwao ni mahali pa kuvuka hujifunza kwamba hadithi ziko kwingine.

Wapenzi wa ushairi hawana udhuru wa kutolijua jambo hili, kwa sababu tunadaiwa na Dodoma. Mathias Mnyampala alizaliwa huko mwaka 1917, mwanzoni mwa ile njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoletwa na ukame pamoja na majeshi ya vita vikuu yaliyochukua nafaka, mifugo na watu. Mtoto huyo akaja kuwa mshairi mkubwa wa Kiswahili na kiongozi wa UKUTA. Aliandika historia na mila za Wagogo (1954), akaandika na nathari, *Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili* (1961), ambacho sikukikuta katika rafu yoyote niliyoipekua. Na ndiye aliyeikuza ngonjera, ambayo baada ya kufariki kwake mwaka 1969 ilichapishwa na kuenea shuleni nchi nzima. Hadi leo mpwa wangu huikariri ngonjera mbele ya wageni rasmi.

Lakini ngonjera ina desturi yake: mmoja hukosea, mwingine humrekebisha, na mwishowe aliyekosea husalimu amri. Jukwaani inapendeza. Balaa ni kwamba waandishi wetu wengi wa watoto wameandika ngonjera kwa nathari. Mkosaji anajulikana tangu ukurasa wa kwanza, na mtoto anageuza kurasa akisubiri toba. Riwaya inataka kinyume chake. Inataka mkosaji aseme kwa kirefu, tena aseme vizuri, hata msomaji mdogo aingiwe na shaka na ajitafutie njia ya kutoka.

Malighafi ipo tele. Nani atamwandikia mtoto habari za mtoto wa Mtunya? Nani atamweka msichana mbele ya michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, amwache aitafutie maana? Mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 kwa matrekta na kelele na kuvunjika mwaka 1951, ni kisa ambacho mvulana wa miaka 13 angekiona kwa uwazi kuliko wakubwa waliokiendesha. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotoa washindi wake wa kwanza mwaka 2023 katika riwaya na ushairi, baadaye ilifungua mlango wa hadithi za watoto. Ni jambo la kushukuriwa. Mtoto wa miaka 12 hata hivyo amesimama kizingitini baina ya hadithi ya watoto na riwaya, na anangoja aitwe.

Nilimpelekea mpwa wangu vitabu vinne: *Marimba ya Majaliwa*, *Takadini*, *Mzimu wa Watu wa Kale* na *Adili na Nduguze*. Baada ya mwezi alinipigia simu. Takadini alikisoma mara mbili, Adili alikimaliza, na Majaliwa alikuwa amemwazima rafiki ambaye hataki kukirudisha. Kuhusu Bwana Msa alikuwa na swali moja tu: kwa nini hajawahi kufika Dodoma. Nimeliandika hapa kama alivyoliuliza, ili wenye kalamu walisikie.